PUMZI ZA MTOTO MCHANGA: HESABU KWANZA, JINA BAADAYE

(Haya ni maneno ya somo la redio la elimu ya watu wazima, kama yalivyosomwa na Afisa Elimu. Yamepigwa chapa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji, na kwa kila mzazi atakayependa kuyasoma nyumbani.)

Leo tunahitaji kitu kimoja tu: saa yenye mshale wa sekunde, au simu inayoonyesha sekunde. Kama yuko mtoto mchanga aliyelala karibu nanyi, mwacheni alale. Atatusaidia baadaye.

Somo la leo ni juu ya mtoto mchanga anayepumua kwa taabu. Mimi si daktari. Kazi yangu ni elimu. Nitakayoyasema ni mambo wanayofundishwa watumishi wa afya na kina mama kliniki. Lakini somo hili ninalo pia moyoni, nami nitawaeleza sababu.

Mtoto wetu wa kwanza alipokuwa na umri wa miezi 7, usiku mmoja kifua chake kilianza kupiga filimbi. Mimi nilisema, "Hii ni pumu. Babu yake alikuwa nayo." Mama mkwe akasema, "Hapana, mwanangu, hiki ni kimeo. Kesho apelekwe kwa mkataji." Jirani aliyeingia akasema ni baridi tu, afukizwe. Tukabishana juu ya jina la ugonjwa, wala hakuna hata mmoja wetu aliyefunua nguo ya mtoto akatazama kifua. Aliyefunua ni mama yake. Aliona mbavu za chini zinabonyea ndani kila mtoto avutapo pumzi. Akajifunga kanga, akatuambia, "Ninyi endeleeni na maneno yenu. Mimi naenda hospitali." Ilikuwa nimonia. Mtoto alipewa hewa ya oksijeni na dawa, akapona, na leo yuko shuleni. Lakini najua kwamba tungalingoja asubuhi ili tumalize ubishi wetu, huenda nisingalikuwa na hadithi ya kuwasimulia.

Basi, neno kubwa la somo hili ni hilo: usianze kwa kutafuta jina la ugonjwa. Anza kwa kutazama na kuhesabu pumzi.

KWA NINI KIFUA HUPIGA FILIMBI

Hewa huingia mapafuni kwa kupitia bomba moja kubwa kooni, na bomba hilo hugawanyika matawi madogo zaidi na zaidi, kama matawi ya mwembe. Kwa mtoto mchanga vijibomba vya mwisho ni vyembamba mno. Mtu mzima akipata mafua na vijibomba vyake vikivimba kidogo, hakuna hasara kubwa. Kwa mtoto, uvimbe huohuo pamoja na makohozi huweza karibu kuziba njia. Hewa inapopenya mahali pembamba hutoa sauti, kama vile upulizapo filimbi ya mwanzi.

Sikiliza sauti inatoka wakati gani. Filimbi inayosikika zaidi mtoto atoapo pumzi hutoka katika vijibomba vya kifuani. Sauti ya kukwaruza inayosikika avutapo pumzi, naye ametulia, hutoka kooni, na hiyo ni hatari. Sauti ya kukoroma puani, naye ananyonya na kucheka vizuri, mara nyingi ni kamasi tu.

Filimbi ya kifuani ina sababu nyingi. Kwa watoto wa chini ya miaka 2, sababu ya kawaida ni ugonjwa wa virusi unaovimbisha vijibomba hivyo, nao huitwa bronkiolaitisi. Kirusi kinachouleta mara nyingi zaidi huitwa RSV, nacho kiligunduliwa mwaka 1956. Ugonjwa huanza kama mafua, huzidi siku ya 3 mpaka ya 5, kisha hupungua polepole. Dawa za kuua bakteria haziuponyi, maana virusi si bakteria. Sababu nyingine ni nimonia, yaani homa ya mapafu. Au punje ya karanga iliyopotea njia. Au kifua kikuu. Au ugonjwa wa moyo. Na pia pumu. Mzazi hawezi kuzitenganisha kwa macho. Lakini awezalo ni kubwa: kujua kama mtoto yumo hatarini.

NAMNA YA KUHESABU PUMZI

Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala ananyonya. Akiwa usingizini, vizuri zaidi. Funua nguo mpaka kifua na tumbo vionekane. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi 1. Wengine huhesabu kupanda 1 na kushuka 2. Hilo ni kosa, maana hesabu yao huwa maradufu.

Hesabu dakika 1 nzima. Usihesabu sekunde 15 halafu ukazidisha kwa 4, kwa sababu mtoto mchanga hapumui kwa mwendo mmoja. Huenda mbio kidogo, husita, tena huendelea. Kusita kwa sekunde chache katika wiki za kwanza, bila kubadilika rangi, ni jambo la kawaida. Akisita kwa sekunde 20, au akigeuka rangi au kulegea, mkimbize hospitali.

Sasa shikeni kalamu. Pumzi zinahesabiwa kuwa za haraka zikifika hapa:

Mtoto wa chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi kwa dakika.
Mtoto wa miezi 2 ambaye hajatimiza mwaka 1: pumzi 50 au zaidi.
Mtoto wa mwaka 1 ambaye hajatimiza miaka 5: pumzi 40 au zaidi.

Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, hesabu mara ya pili ili uhakikishe. Ukiona ni zilezile, mpeleke hospitali mara moja, hata kama huoni dalili nyingine. Mtoto mkubwa kuliko huyo mwenye pumzi za haraka apelekwe zahanati siku hiyohiyo.

DALILI ZISIZONGOJA KUPAMBAZUKE

Ukiona hata moja kati ya hizi, ondoka saa hiyohiyo, iwe mchana au usiku: sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani avutapo pumzi, anaguna kila atoapo pumzi, midomo au ulimi umekuwa wa rangi ya buluu au ya majivu, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea na kuamka kwake ni kwa shida, au ile sauti ya kukwaruza kooni naye ametulia.

Njiani mpakate akiwa wima kidogo, wala usimbane mgongoni kwa kanga. Na leo, kabla hakujawa na taabu, patana na mwenye bajaji au pikipiki aliye karibu, uandike namba yake ukutani. Usiku wa manane si wakati wa kuanza kuuliza nani ana chombo.

JE, NI PUMU?

Pumu huleta hofu, kwa hiyo wazazi hutaka kujua upesi. Lakini kwa mtoto mchanga hata daktari husita kutaja jina hilo. Wataalamu wa Tucson, katika Marekani, waliwafuata watoto tangu kuzaliwa, wakatoa matokeo yao mwaka 1995. Walikuta kwamba katika kila watoto 10 waliopiga filimbi kabla ya kutimiza miaka 3, karibu 6 walikuwa wameacha walipofika miaka 6. Njia zao za hewa zilikuwa zimepanuka pamoja na miili yao.

Hata hivyo, kuna mambo yanayomfanya daktari aifikirie pumu: filimbi inarudi mara kwa mara, hata pasipo mafua, kikohozi kinazidi usiku na alfajiri, au baada ya kulia, kucheka na kucheza, baba, mama au ndugu ana pumu, mtoto mwenyewe ana ukurutu, na tena, anapata nafuu akipewa dawa ya kupanua njia za hewa.

Hapa, ndugu mwanafunzi, kusoma na kuandika ulikojifunza kutakulipa. Chukua daftari. Kila mara kifua kipigapo filimbi, andika tarehe, saa, idadi ya pumzi, na jambo lililotangulia: mafua, moshi, vumbi la kufagia, au kulala karibu na paka. Baada ya miezi michache daftari hilo litamwambia daktari mambo ambayo hawezi kuyapata kwa kumpima mtoto siku moja.

Ikiwa ni pumu, usikate tamaa. Kuna dawa za namna mbili. Ya kwanza hupanua njia za hewa wakati wa shida. Ya pili huzuia uvimbe, nayo hutumiwa kila siku hata mtoto akiwa mzima, kama daktari alivyoagiza. Wapo wasemao kwamba pampu ya pumu humzoesha mtoto kama kileo, au kwamba ni dawa ya mtu anayekaribia kufa. Si kweli. Pampu hupeleka dawa kidogo mahali panapohusika, badala ya kuizungusha mwilini mwote.

Mtoto mchanga hawezi kuvuta pampu peke yake. Hutumia chombo cha kati chenye kifuniko cha kufunika pua na mdomo, akapumua humo pumzi 5 hadi 10 za kawaida. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitengenezwa vizuri, hufanya kazi hiyo sawa na chombo cha kununua. Mwombe muuguzi akuonyeshe namna ya kuitengeneza na kuitumia.

MAMBO YA KUFANYA NA YA KUACHA

Mtoto mwenye mafua aliye na pumzi za kawaida hutunzwa nyumbani. Mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi zaidi. Pua ikiziba, tumia matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa, kisha panguse polepole. Mhesabu pumzi asubuhi na jioni.

Mwondoe katika moshi. Mama anayepika kwa kuni huku mtoto yuko mgongoni, humvutisha moshi uleule anaouvuta yeye. Mwache na mtu nje ya jiko. Sigara isivutwe ndani ya nyumba. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani usiku, maana hewa yake ya sumu huua watu wazima, sembuse mtoto. Mnyonyeshe maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya mwanzo, tena mkamilishie chanjo. Chanjo ya kukinga nimonia inayoletwa na pneumokoki ilianza kutolewa Tanzania mwaka 2013.

Sasa ya kuacha. Usimkate kimeo. Kile kinyama kilichoning'inia kooni kila mtu anacho, wala hakileti kikohozi; kukikata huleta damu kutoka kwa wingi, pepopunda na maradhi mengine. Usimpige nyungu, maana maji ya moto yameunguza watoto wengi. Usimfukize udi wala ubani. Usimtie mafuta wala samli puani. Yakiingia mapafuni huleta nimonia. Asali usimpe kabla hajatimiza mwaka 1. Wala usimpe dawa ya kikohozi ya mtu mzima au mabaki ya dawa ya mwenzake.

Najua si rahisi kumkatalia mzee. Nami sikumkatalia mama mkwe kwa ukali. Baadaye nilimpa saa, nikamwambia, "Mama, hebu tumhesabu mjukuu wako pamoja." Leo yeye ndiye anayehesabia watoto wa majirani.

KAZI YA KIKUNDI

Sasa zimeni redio. Yule mtoto aliyelala mfunueni polepole. Wawili wamhesabu kwa dakika 1, kila mtu kimoyomoyo, kisha walinganishe. Halafu jadilianeni:

1. Mtoto wa miezi 4 ana pumzi 54. Ananyonya vizuri, kifua hakibonyei. Apelekwe wapi, na lini?
2. Katika kijiji au mtaa wetu, ni nani mwenye chombo cha usiku?
3. Tufanye nini ili moshi utoke jikoni?

Majibu yaandikwe katika daftari la kikundi. Kwa herini, wasikilizaji, mpaka somo lijalo.