Kiwanda Kinapopunguza Wafanyakazi: Haki za Mfanyakazi na Hatua za Kufuata

Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, Serikali ilijenga viwanda vikubwa vya kubangua korosho, vikiwemo vya Likombe, Newala na Masasi. Mavuno yakashuka kutoka takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87, na viwanda vingi vikasimama. Mavuno yamekwisha kurejea, lakini sehemu kubwa ya korosho bado husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam. Hivyo ajira ya ubanguaji imebaki ya kuyumba, na wanaoumia kwanza ni wabanguaji, wengi wao wanawake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, haimzuii mwajiri kupunguza wafanyakazi. Inamtaka afuate utaratibu: atoe taarifa ya kusudio lake mapema, aeleze sababu, kisha ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe wasio na chama, kuhusu njia za kuepusha upunguzaji, vigezo vya kuwachagua watakaoondoka, na malipo yao. Wasipoafikiana, shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA).

Anayeachishwa kazi anastahili:

• Mshahara wa siku alizofanya kazi na malipo ya likizo ambayo hakuichukua.
• Notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au wiki; au malipo badala yake.
• Kiinua mgongo, iwapo ametimiza miezi 12 mfululizo kazini: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10. Kwa mfano, mwenye mshahara wa shilingi 15,000 kwa siku aliyefanya kazi miaka 6 atapata shilingi 630,000.
• Nauli ya kurudi alikoajiriwa, kama aliajiriwa mahali pengine.
• Cheti cha utumishi.

Mwanachama wa NSSF aliyechangia angalau miezi 18, ambaye hajafikia umri wa miaka 55, anaweza kuomba fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Aliyejiuzulu kwa hiari halipati. Kwa hiyo, mfanyakazi asikubali kuandika barua ya kujiuzulu wakati ukweli ni kwamba anapunguzwa, wala asisaini karatasi asiyoielewa.

Anayeona ameachishwa isivyo halali awasilishe malalamiko CMA ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Atunze mkataba, hati za mshahara na kumbukumbu za michango. Haba na haba hujaza kibaba: karatasi hizo ndogo ndizo zitakazomtetea.

Wanaotaka kuanza shughuli nyingine wamwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, itolewayo kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.