Likasi: Kabla ya kununua kompyuta ya okazioni, uliza chipu yake ya picha

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga usaidizi wa kawaida wa Windows 10. Kwa mwenye duka la fotokopi kule Kikula au Panda, hilo si jambo la Wamarekani peke yao. Kompyuta yake ya okazioni, yenye Core i3 au i5 ya mwaka 2013, haiko kwenye orodha ya Windows 11, inayodai chipu ya usalama TPM 2.0 na, kwa kawaida, prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda mbele.

Na mashini bado ni nzima. Kibodi inaandika, printa inaitika, wanafunzi wanaleta kazi zao za kuchapisha. Kuitupa ni hasara tupu. Ndiyo maana fundi anamwambia mwenyewe: weka Linux, haina malipo.

Ushauri ni mzuri, ila kuna wanaoufuata wakajuta. Wanawasha, skrini inabaki nyeusi. Au picha inametameta, video inakatika, mashini inaganda mteja akiwa amesimama pale na ukurasa haujahifadhiwa. Hapo Linux nzima inatukanwa, wakati mara nyingi shida iko kwa kitu kimoja: chipu inayochora picha, na programu inayoiendesha, ile ambayo mafundi wetu wanaita piloti.

Kila chipu ina lugha yake. Intel na AMD zimekubali lugha hiyo ijulikane: piloti za Intel ziko wazi, na AMD ilianza kutoa maelezo ya chipu zake za Radeon mwaka 2007. Kwa hiyo piloti hizo zinakaa ndani ya kiini cha Linux chenyewe, na kiini kikibadilika, nazo zinatengenezwa pamoja nacho. Ukiweka Linux kwenye Core i5 ya 2013, kwa kawaida picha inatoka bila kutafuta kitu kingine.

NVIDIA ilishika njia nyingine. Kwa miaka mingi piloti yake ilikuwa siri ya kampuni, na kampuni ikichoka na kadi ya zamani, piloti inabaki nyuma. Ile ya mfululizo wa 340, inayoendesha GeForce 8, 9 na 200, iliachwa mwisho wa 2019. Ya 390, kwa GeForce 400 na 500, mwisho wa 2022. Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, aliitukana kampuni hiyo hadharani nchini Finland mwaka 2012. Mwaka 2022 NVIDIA ilifungua sehemu ya piloti yake, lakini kwa kadi za kisasa tu. Mwenye kadi ya zamani anabaki na Nouveau, kazi ya watu waliokisia lugha ya chipu kwa kuichunguza. Kwa kuandika barua inatosha. Kwa video au michezo, usiitegemee sana.

Usidanganyike pia na kibandiko cha Intel. Kompyuta ndogo zenye Atom N2600 au N2800, za miaka ya 2011 na 2012, zina chipu ya picha ya PowerVR iliyotoka kampuni nyingine, na Linux haikupata kamwe piloti nzuri ya kuiharakisha. Zile zenye Celeron N2840 zilisumbua kwa namna nyingine: zilikuwa zinaganda ghafla kwa sababu ya namna prosesa inavyolala kuokoa umeme. Watu walihangaika miaka kadhaa, wakiandika intel_idle.max_cstate=1 kwenye mistari ya kuwashia ili isilale sana.

Kwa hiyo mwambie muuzaji akuachie dakika 10. Uje na flashi yenye Linux, uwashe mashini kwa flashi hiyo bila kugusa diski yake. Cheza video. Funga kifuniko, ngoja kidogo, fungua: skrini inarudi? Kisha andika lspci -k na utafute mstari wenye neno VGA. Chini yake kunaonekana piloti inayotumika. Ukikuta i915, radeon au amdgpu, uko mahali pazuri. Pasipokuwa na piloti yoyote, prosesa ndiyo inayochora picha yote peke yake. Mashini itakuwa nzito na ya moto.

Skrini ikimetameta hata kabla Linux haijaanza, usiilaumu. Angalia kebo, angalia umeme. Huku kwetu volti zinapanda na kushuka zinavyotaka, na hakuna piloti ya kutibu hilo.

Jambo lingine ni RAM. Chipu ya picha iliyo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye RAM. Ukiwa na giga 2 tu, mkopo huo unauma. Tafuta 4, na uchague mazingira mepesi kama Xfce badala ya GNOME. Mashini za biti 32 ziache hata kwa bei ya kutupa: Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haiwekwi tena juu yake.

Faili ya Linux Mint Xfce ina karibu giga 3, na mega zinauzwa ghali. Mmoja akiipakua, wenzake wanaweza kuikopi kwenye flashi zao, mtaa mzima ukitaka. Leseni yake inaruhusu.