Kabla Hujalipia Programu ya Duka Yenye Akili Mnemba

Mwenye duka la viatu Kariakoo au la mitumba Gikomba siku hizi hakosi kijana wa kumpigia hesabu: tukutengenezee programu ya simu yenye akili mnemba, iongee na wateja usiku na mchana, imchagulie kila mmoja kinachomfaa. Ofa huwa inaisha mwisho wa mwezi. Kama mtaji wako ni mdogo na unataka kuwahi msimu wa viatu vya shule, jambo la kuamua ni kipi kinunuliwe kwanza. Nasema waziwazi: msaidizi wa kuongea anunuliwe mwisho.

Njia nafuu kuliko zote ni katalogi ya WhatsApp Business. Kuipakua ni bure, kuweka picha na bei ni bure, na mteja ameshaizoea. Hamalizi bando kupakua kitu kipya. Shida inakuja oda zikizidi, maana wewe ndiye unayejibu "namba 38 ipo?" mpaka usiku wa manane. Kwa duka lenye oda chache kwa siku inatosha kabisa.

Ukizidiwa, panga duka la tovuti lililokwisha kujengwa. Mteja anabonyeza kiungo, anaona bidhaa, analipa. Uliza mapema kama ada ya mwezi inajumuisha malipo kwa pesa za simu. Maduka mengi ya aina hii yalitengenezwa kwa watu wenye kadi za benki, na kiunganishi cha pesa za simu huuzwa pembeni, nacho kina makato yake kwa kila muamala. Ada ikiwa kwa dola, shilingi ikishuka bili inapanda bila wewe kuongeza mteja hata mmoja.

Programu kamili ya simu ndiyo ghali, na ughali wake hauko pale unapoonyeshwa. Kujisajili kwenye duka la programu la Google ni dola 25 mara moja, la Apple ni dola 99 kila mwaka. Hizo zinavumilika. Kinachouma ni matengenezo: Google hutaka programu ziendane na matoleo mapya ya Android, hivyo fundi atarudi na ankara hata kama hujabadilisha kitu. Muda nao ni gharama. Kwa Google, akaunti mpya ya mtu binafsi lazima kwanza ipate wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya programu kufunguliwa kwa umma, kwa hiyo anayekuahidi wiki moja anakudanganya. Na ukiambiwa maduka hayo ya programu hukata asilimia 30 ya mauzo, jua kamisheni hiyo inahusu bidhaa za kidijitali. Viatu na vitenge haviguswi.

Sasa akili mnemba yenyewe, ambako pesa huvujia. Huduma hizi hulipiwa kwa vipande vya maneno, vinavyoingia na vinavyotoka. Mifumo mingi hukata Kiswahili vipande vingi kuliko Kiingereza, kwa hiyo gumzo lilelile linakugharimu zaidi. Tena, ili msaidizi akumbuke mlikotoka, kwa kawaida kila swali jipya hutumwa pamoja na gumzo lote la nyuma. Swali la kumi linabeba maswali na majibu tisa yaliyotangulia, nawe unayalipia upya. Mteja anayepiga soga bila kununua ni hasara. Dai kikomo cha zamu na kikomo cha matumizi kwa mwezi.

Ukitaka msaidizi huyo akae WhatsApp, ile programu ya bure haitoshi. Utahitaji mfumo wa kulipia. Humo, kumjibu mteja aliyekuandikia mwenyewe ndani ya saa 24 hakutozwi na WhatsApp, ila matangazo unayoyaanzisha wewe hutozwa kila moja. Mtoa huduma wa kati naye anaweza kuongeza chake juu.

Kisha kuna gharama ya kusema uongo. Mwaka 2024 baraza moja la usuluhishi nchini Kanada liliamuru shirika la ndege la Air Canada limlipe abiria aliyepewa maelezo ya nauli yasiyo sahihi na roboti ya gumzo ya tovuti yake. Utetezi kwamba roboti inajisemea yenyewe haukukubaliwa. Msaidizi wako akitaja bei ya mwaka jana, mteja atakudai wewe. Bei na mzigo uliopo visomwe kwenye orodha yako ya duka, visitungwe.

Akili mnemba inalipa kwenye utafutaji. Mteja anaandika "raba nyeusi za mtoto wa darasa la tatu, isizidi buku kumi". Utafutaji wa kulinganisha herufi utamwambia hakuna. Ulio na akili unaelewa buku kumi ni shilingi 10,000, unakadiria umri, unaleta picha za raba na vitufe vya namba, rangi na bei ili mteja arekebishe mwenyewe. Ni sentensi moja inayochakatwa, na gharama yake ni ndogo. Picha ziwe nyepesi, gharama ya bodaboda ionekane kabla ya kulipa, na kitufe cha kuongea na mtu kisifichwe.

Usilipie michoro mizuri ya skrini ya kompyuta kabla ya kujaribu. Chora skrini kwenye karatasi, wape wateja watano, waambie wanunue, kaa kimya uangalie wanapokwama. Mtaalamu wa usanifu Jakob Nielsen alieleza mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua matatizo mengi. Itakugharimu soda tano.

Mkataba useme akaunti zote, msimbo na orodha ya wateja ni mali yako, na utaje nani anawajibika na taarifa za wateja, maana Kenya ina sheria ya kuzilinda tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Uandike pia bei ya matengenezo ya mwaka wa pili. Fundi akikataa kuyaweka hayo kwenye maandishi, usimpe malipo ya awali.