Sheria ya michezo iwe msumeno kweli

Waswahili husema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Usemi huu tumeuzoea mno hata hatuuchunguzi tena. Tunautumia kumtisha mwanafunzi mtoro, na tunautumia kumliwaza aliyeadhibiwa. Lakini je, ni kweli kwamba kila sheria hukata pande zote mbili? Leo ningependa, msomaji mpendwa, kuupima usemi huu kwa historia ya timu moja ya kabumbu ya chuo kikuu, timu ambayo vijana wetu wengi hawajapata kuisikia ingawa damu ya Afrika ilitembea ndani yake. Nayo ni timu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Howard, jijini Washington, Marekani.

Howard si chuo cha jana. Kiliasisiwa mwaka wa 1867, miaka miwili tu baada ya vita vilivyokomesha utumwa nchini Marekani, ili kuwapa elimu ya juu watu weusi waliokuwa wamefungiwa milango kwingineko. Kwa miaka mingi kilivuta pia wanafunzi na wasomi kutoka visiwa vya Karibi na Afrika Magharibi. Nnamdi Azikiwe, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Nigeria, alipata kusoma hapo. Eric Williams, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Trinidad na Tobago, alifundisha hapo. Kwa hiyo, wakati Wamarekani walio wengi walikuwa wakiuhusudu mpira wao unaochezwa kwa mikono, wanafunzi wa Howard waliotoka ng'ambo walikuwa wamekulia kwenye kabumbu, nao wakaja nayo chuoni kama mtu ajavyo na lugha ya mama. Tayari mwaka wa 1961 chuo hicho, chini ya mkufunzi Ted Chambers, kilikuwa kimetwaa ubingwa wa NAIA, chama kinachounganisha vyuo vidogo vidogo.

Mnamo 1970 timu ilikabidhiwa kwa Lincoln Phillips, aliyekuwa mlinda lango wa timu ya taifa ya Trinidad na Tobago. Phillips alikuta vijana wenye vipaji na akawapa nidhamu. Mwaka huo huo walifika nusu fainali ya mashindano ya kitaifa ya NCAA, shirika linalotawala michezo ya vyuo vikuu vikubwa vya Marekani, wakatolewa na UCLA ya California. Mwaka uliofuata hawakushindwa na yeyote. Kikosini alikuwamo Mori Diane wa Guinea, walikuwamo Keith Aqui na Alvin Henderson wa Trinidad, na langoni alisimama Samuel Acquah wa Ghana. Katika nusu fainali waliilaza Harvard kwa bao 1-0. Fainali ilichezwa mjini Miami tarehe 30 Desemba, 1971, dhidi ya Chuo Kikuu cha Saint Louis.

Msomaji asiidharau Saint Louis. Hadi siku hiyo chuo hicho kilikuwa kimetwaa ubingwa wa NCAA mara nane tangu mashindano yaanzishwe mwaka wa 1959, na kilikuwa bingwa wa miaka miwili mfululizo. Howard waliishinda kwa mabao 3-2. Ilikuwa mara ya kwanza kwa chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya watu weusi kunyakua taji la kitaifa la NCAA la daraja la juu, katika mchezo wowote ule.

Furaha hiyo haikudumu. Malalamiko yalifikishwa kwa NCAA kwamba baadhi ya wachezaji wa Howard hawakustahili kucheza. Uchunguzi ulifanywa, na mapema mwaka wa 1973 taji la 1971 likafutwa, pamoja na matokeo ya 1972 ambapo timu ilikuwa imefika nusu fainali. Isitoshe, Howard ilipigwa marufuku kushiriki michuano ya ubingwa kwa mwaka mmoja. Kombe lililotwaliwa uwanjani likapokonywa mezani.

Makosa yenyewe yalikuwa yapi? Hapa ndipo napenda walimu wa michezo wanisome kwa makini. Kulikuwa na kanuni tatu. Ya kwanza ilisema kwamba mwanafunzi mgeni aliyecheza katika nchi nyingine baada ya kutimiza umri wa miaka 19 angekatwa mwaka mmoja wa kuchezea chuo kwa kila mwaka aliocheza huko. Kijana aliyepiga mpira wa ridhaa mtaani Port of Spain baada ya umri huo alihesabiwa kana kwamba amekwisha kuchezea chuo kikuu. Lakini Mmarekani wa umri ule ule, aliyecheza mpira wa ridhaa katika mtaa wa kwao kabla ya kuingia chuoni, hakukatwa hata siku moja. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu!

Kanuni ya pili ilimtaka mchezaji kumaliza miaka yake ya kucheza katika kipindi cha miaka mitano tangu ajiandikishe chuoni kwa mara ya kwanza. Ya tatu ilimtaka mwanafunzi wa mwaka wa kwanza awe amekadiriwa, kwa alama zake za shule na mtihani wa kujiunga na chuo, kwamba angepata wastani usiopungua 1.600 katika kipimo cha pointi 4. Hizi mbili ziliwahusu wote, mwenyeji na mgeni.

Howard hawakuamua kulia wala kutukana. Walikwenda mahakamani. Mwaka wa 1973 Jaji Gerhard Gesell wa mahakama ya Washington aliamua kwamba ile kanuni ya wageni ilikuwa ya ubaguzi na ilikwenda kinyume cha katiba. Shirika lilidai kwamba nia yake ilikuwa kuwazuia wachezaji wenye umri na uzoefu mkubwa wasiwaonee chipukizi. Nia hiyo ni halali, lakini ingeweza kutimizwa kwa kanuni inayomgusa kila mtu, si mgeni peke yake. Hata hivyo, jaji huyo huyo aliziacha kanuni nyingine mbili zisimame. Mahakama ya rufani ilikubaliana naye mwaka wa 1975. Kwa hiyo Howard walishinda na wakashindwa katika hukumu moja, na taji la 1971 halikurudi. Halijarudi hadi leo.

Najua wapo watakaosema, "Basi Howard walikuwa na hatia, mbona unawatetea?" Swali hilo ni la haki, nami silikwepi. Naam, palikuwa na kanuni halali ambazo chuo hakikuzitimiza, na ni kazi ya wasimamizi wa timu kuzijua kanuni kabla ya kipenga kupulizwa. Lakini tusisahau mambo mawili. Kwanza, kanuni ya 1.600 ilifutwa na NCAA wenyewe mnamo Januari 1973, wakati ule ule Howard walipokuwa wakiadhibiwa. Pili, kosa la karatasi lilipochanganywa katika chungu kimoja na ile kanuni ya wageni, kila mtu aliyelisikia jina la Howard alisikia neno moja tu: wadanganyifu. Mahakama ilikuja kutenganisha punje na makapi, lakini sifa ya vijana ilikuwa imekwisha kuchafuliwa. Huo ni msumeno uliokata upande mmoja.

Jambo hili halipo Marekani peke yake. Niliwahi kuhudhuria kikao cha rufani katika mashindano ya shule za upili hapa kwetu. Timu moja ilishtakiwa kwa kuchezesha mamluki. Mshtakiwa alikuwa kijana mwembamba, mwenye hati yake ya kuzaliwa mkononi, ila jina lake lilikuwa geni masikioni mwa wanakamati. Swali la kwanza aliloulizwa halikuhusu umri wake wala shule aliyosomea. Aliulizwa jina la babu yake na mahali alikozikwa. Upande wa pili palikuwa na wachezaji wawili ambao hawakuwa na hati yoyote, na hakuna aliyewauliza chochote, kwa kuwa walijulikana. Timu ya kijana yule ilinyang'anywa pointi. Sikuwa na kura katika kikao kile, lakini nilitoka nikijiuliza ni somo gani la uraia tulilomfundisha siku ile.

La hasha, sitetei mamluki! Kuna shule zinazoazima watu wazima wenye ndevu na kuwavisha sare kwa wiki mbili. Huo ni wizi. Unamwibia mwanafunzi halisi nafasi yake, na unamfundisha kwamba cheti hununuliwa. Wizi huo ukomeshwe bila huruma. Ninachokitetea ni kwamba swali moja liulizwe kwa wote. Akiombwa hati mwenye jina geni, aombwe pia mwenye jina tulizoealo. Kamati inayoanza kwa kuuliza ukoo imekwisha kuhukumu kabla ya kusikiliza.

Waafrika Mashariki tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine, kwani vijana wetu wenyewe wamekuwa wageni katika viwanja vya watu. Mwaka wa 1978 Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, alivunja rekodi nne za dunia kwa muda wa siku 81. Suleiman Nyambui wa Tanzania alitamba katika miaka hiyo hiyo akikimbilia Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso. Pamoja na makofi, palisikika pia manung'uniko kwamba wageni hao walikuwa na umri mkubwa na kwamba walikuwa wakiwapokonya wenyeji nafasi zao. Tulipoyasikia manung'uniko hayo tulikasirika. Je, tunakasirika vivyo hivyo kijana wa kabila jingine au wa nchi jirani anapotiliwa shaka katika uwanja wa kwetu?

Sasa turudi Howard, maana habari yao haikuishia mahakamani. Adhabu ilipokwisha, Phillips aliwarudisha vijana wake uwanjani katika msimu wa 1974. Walicheza mechi 19 wakashinda zote 19. Walifunga mabao 63, wakafungwa 6 tu. Fainali iliwakutanisha tena na Saint Louis, na safari hii ilichezwa katika mji wa wapinzani wao, mbele ya mashabiki wa nyumbani. Dakika 90 zilipita bila mshindi kupatikana. Waliingia muda wa ziada, kipindi baada ya kipindi, hadi katika kipindi cha nne Kenneth Ilodigwe, kijana wa Kinigeria, alipotia mpira wavuni. Howard 2, Saint Louis 1. Taji hilo halikuguswa na mtu.

Timu hiyo iliendelea kutoa matunda. Mwaka wa 1988 ilifika fainali tena, ikashindwa na Indiana kwa bao 1-0. Kikosini alikuwamo mlinda lango Shaka Hislop, aliyehitimu shahada ya uhandisi wa mitambo kabla ya kwenda kucheza soka ya kulipwa Uingereza. Mwaka wa 2006 alisimama langoni mwa Trinidad na Tobago katika Kombe la Dunia, wakatoka sare ya 0-0 na Uswidi. Nalitaja hili makusudi kwa ajili ya wanafunzi wanaodhani kwamba kitabu na mpira haviwezi kukaa katika mkoba mmoja.

Kwa walimu nina ombi. Faili ya wachezaji ianze kutayarishwa siku mwanafunzi anapojiunga na shule, si usiku wa kuamkia mashindano. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na aliyeponzwa na karatasi aghalabu hupoteza hata pale ambapo haki ilikuwa yake. Aidha, mwalimu anapoketi katika kamati ya rufani, na ajiulize kama swali analolitamka angelitamka kwa mtoto wake mwenyewe.

Kwa wanafunzi, nawasihi msiige kilio cha aliyeonewa bila kuiga pia kazi yake. Howard walifanya mambo mawili kwa pamoja. Waliipinga kanuni mbovu kwa njia ya sheria hadi ikaanguka, na waliendelea na mazoezi. Lau wangefanya la kwanza peke yake, wangebaki na hukumu bila kombe. Lau wangefanya la pili peke yake, mgeni aliyewafuata angeikuta kanuni ile ile ikimngoja langoni. Taji la 1971 lingali limefutwa katika vitabu vya NCAA, lakini kanuni iliyowabagua wageni nayo ilifutwa, na hilo ni jambo ambalo wachezaji wengi waliokuja baadaye walilifaidi bila kujua nani aliwalipia.