Pwani Si Mbali: Miji na Fuo za Kupumzikia

Mkulima wa Nyeri au wa Kericho aweza kulima kahawa au majani ya chai kwa muda wa miaka 30, na kila mwaka mazao ya shamba lake husafirishwa mpaka Mombasa, yakapakiwa melini katika bandari ya Kilindini, yakaenda ng'ambo. Magunia yake yameiona bahari. Yeye mwenyewe hajaiona. Karani wa Nakuru naye huandika jina la Mombasa katika barua na hati za mizigo kila juma, lakini akipewa livu yake ya mwaka huenda nyumbani kutengeneza paa na kusikiliza kesi za mipaka, kisha hurudi kazini amechoka kuliko alivyoondoka.

Si vibaya mtu kwenda kwao. Lakini akiulizwa kwa nini hajapata kuwapeleka mkewe na watoto wake pwani, aghalabu hujibu kwamba bahari ni mahali pa wageni watokao Ulaya, na pa watu wenye fedha nyingi. Jibu hilo lina asili yake. Wakati wa ukoloni, hoteli nyingi za ufuoni zilikuwa za Wazungu peke yao, na Mwafrika alifika huko akiwa mpishi, boi, au mtunza bustani. Alifua taulo za waogaji, lakini yeye mwenyewe hakuoga. Uhuru ulipatikana mwaka wa 1963, lakini fikira ile haikuondoka upesi kama bendera ilivyoshushwa.

Yafaa kila mtu ajue sheria inavyosema. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 62, yasema kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Maana yake ni kwamba mchanga ule unaofunikwa na maji na kufunuliwa kila siku si wa hoteli wala si wa tajiri. Ni wa wananchi wote. Taabu iliyopo ni njia ya kuufikia, kwa kuwa mahali pengi viwanja vya juu vimezungushiwa kuta, na vijia vya kupitia vimekuwa vichache. Basi mgeni na awaulize wenyeji njia ya watu wote iko wapi, naye aipite bila woga.

SAFARI YENYEWE

Zamani safari ya kutoka Nairobi kwenda Mombasa ilikuwa kazi ya usiku kucha. Tangu tarehe 31 Mei 2017, garimoshi la reli mpya huenda mwendo huo wa kadiri ya kilomita 470 kwa saa tano au sita hivi. Tikiti hununuliwa mapema, na wakati wa sikukuu huisha upesi. Asiyejiandaa hubaki stesheni na mizigo yake. Ajue pia kwamba kituo cha Miritini kiko nje ya kisiwa cha Mombasa, kwa hiyo atie katika hesabu yake nauli ya matatu ya kumfikisha mjini.

Kuhusu mahali pa kulala, si lazima mtu alale katika hoteli kubwa ya ufuoni. Katika kila mji wa pwani kuna nyumba za wageni zilizo safi na za bei ndogo, mbali kidogo na maji. Jambo la busara ni kupatana bei kabla ya kufungua mizigo, na kuuliza kama chakula kimo au hakimo.

KUJUA UPEPO NA MAJI

Watu wa pwani hawahesabu mwaka kwa kalenda peke yake, bali kwa pepo. Kaskazi huvuma kuanzia mwezi wa Desemba hivi mpaka Machi. Wakati huo jua ni kali, bahari imetulia, na maji ni maangavu. Kusi huanza pamoja na mvua za masika mnamo Aprili, nayo huwa na nguvu zaidi mwezi wa Juni mpaka Agosti. Bahari huchafuka, na mwani mwingi hutupwa ufuoni. Mkulima aliyekwisha kuvuna mahindi aweza kuchagua Januari au Februari, wakati msongamano wa Krismasi umekwisha na bei zimeshuka. Karani mwenye watoto shuleni ambaye hana budi kwenda mwezi wa Agosti asivunjike moyo: hewa huwa ya baridi kidogo, na nyuma ya mwamba wa matumbawe maji hayana mawimbi makubwa.

Jambo la pili ni kubwa zaidi, kwa maana ni la uhai. Maji ya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kadiri ya dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua, ambapo tofauti ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hupita mita tatu. Mgeni wa bara huona maji yamekupwa, akatembea juu ya miamba mpaka mbali sana, akitazama kaa na samaki wadogo vidimbwini. Hajui kwamba maji hayarudi kutoka mbele yake tu. Hupitia pia mifereji iliyo nyuma yake, na kufumba na kufumbua amezingirwa. Tena penye milango ya mwamba, ambapo maji huingia na kutoka, mkondo ni wa nguvu, nao humchukua hata mwogeleaji hodari.

Kwa hiyo amwulize mvuvi saa za maji kabla ya kuingia. Asiyejua kuogelea asipite kiuno chake. Watoto wasiachwe peke yao hata kwa dakika moja, na mtu aliyekunywa pombe akae mchangani. Katika miamba avae viatu, kwa sababu kuna wanyama wenye miiba mirefu myeusi ambayo hukatikia nyayoni.

MOMBASA

Anayefika pwani mara ya kwanza aanze Mombasa. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, ingali imesimama juu ya mwamba wake. Waarabu wa Omani waliizingira tangu 1696, wakaitwaa mwaka wa 1698. Baadaye Waingereza waliifanya jela, na tangu mwaka wa 1962 imekuwa makumbusho. Kutoka hapo mtu aweza kutembea kwa miguu katika Mji wa Kale, akatazama milango ya nakshi na vibaraza, akanywa kahawa tungu kwa kikombe kidogo. Asubuhi kuna mahamri na mbaazi. Jioni kuna viazi karai, mishikaki na madafu. Mtu wa bara asiyejua wali wa nazi na samaki wa kupaka hana budi kuonja.

Kwa kuoga, ufuo wa watu wote uliopewa jina la Jomo Kenyatta uko Bamburi, kaskazini ya kisiwa. Siku za sikukuu hujaa watu pomoni, nao watoto huelea juu ya mipira ya magari iliyojazwa upepo. Apendaye utulivu aende siku ya kazi asubuhi.

KUSINI YA LIKONI

Kivuko cha Likoni huvusha watu na magari kwenda kusini, na waendao kwa miguu hawatozwi nauli. Baada ya mwendo wa kilomita 30 na kitu msafiri huufikia ufuo wa Diani, ambao mchanga wake ni mweupe na laini kama unga. Juu ya barabara yake zimefungwa ngazi za kamba ili mbega wavuke bila kugongwa na magari. Karibu na hapo, mahali mto unapoingia baharini, upo Msikiti wa Kongo, wa kale sana, kati ya mibuyu.

Wengi huishia mchangani, hawajui kwamba msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo uko karibu nao. Makaya ya Wamijikenda yaliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2008. Mgeni huingia Kinondo akiongozwa na mwenyeji, amejifunga kitambaa cheusi, wala hachumi hata jani. Mkulima atafaidika kuona jinsi wazee walivyouhifadhi msitu kwa heshima na miiko peke yake.

Mbele zaidi, karibu na mpaka wa Tanzania, ziko Shimoni na kisiwa cha Wasini. Huko wanawake wa kisiwani wamejenga daraja la mbao juu ya bustani ya matumbawe ya kale, na ada ya wageni huwafaa wao wenyewe.

WATAMU, GEDI NA MALINDI

Barabara ya kaskazini hupita Kilifi, ambako hori huvukwa kwa daraja lililofunguliwa mwaka wa 1991. Kabla ya hapo magari yalingoja kivuko. Kisha huja Watamu, penye ghuba ndogo na miamba iliyoliwa na maji ikafanana na uyoga. Bahari ya Watamu na ya Malindi ilifanywa hifadhi mwaka wa 1968. Humo ni marufuku kuokota kombe au kuvunja matumbawe, na mgeni mwema hanunui kombe wala gamba la kasa hata akiuziwa kwa bei ndogo njiani, kwa kuwa mwamba ukifa samaki huondoka, na mvuvi hulala njaa.

Karibu na Watamu, ndani ya msitu, yapo magofu ya mji wa Gedi: msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Mji huo ulihamwa katika karne ya 17, na mwaka wa 2024 uliingizwa katika urithi wa dunia. Mwenye watoto wanaosoma historia asipite bila kuingia.

Malindi ni mji uliojua wageni tangu zamani. Mwaka wa 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa Uchina, na mwaka wa 1498 Vasco da Gama alipokewa hapa, akapewa rubani wa kumpeleka Bara Hindi. Nguzo ya Wareno ingali inatazama bahari. Wakati wa mvua maji ya Malindi hugeuka kuwa mekundu, kwa kuwa mto Sabaki huleta udongo kutoka bara. Mkulima akiona rangi ile na akumbuke kwamba ni mashamba yanayopita mbele yake, na akirudi kwake achimbe makinga-maji.

LAMU

Mwenye siku nyingi na aende Lamu. Anayekwenda kwa barabara aulize kwanza habari ya usalama wa njia. Mwisho wake ni Mokowe, ambako hupanda mashua. Mji wa Lamu ulitiwa katika urithi wa dunia mwaka wa 2001. Vichochoro vyake ni vyembamba, na mizigo huchukuliwa na punda. Kijiji cha Shela kiko mwendo wa kilomita tatu hivi, na ufuo wake ni mrefu hata mtu aweza kutembea asubuhi nzima. Vilima vya mchanga vya Shela si vya kutazamwa tu: ndivyo vinavyohifadhi maji ya mvua chini yake, na visima vya mji hutegemea maji hayo.

Adabu ya Lamu ndiyo adabu ya pwani yote. Mavazi ya kuogea huishia ufuoni. Mjini mwanamke hujifunga leso na mwanamume huvaa shati. Mzee huamkiwa kwanza, nyumba hupigiwa hodi, na msikiti hauingiwi bila ruhusa. Mtu hapigwi picha kabla ya kuombwa.

KUWEKA AKIBA

Safari hii haihitaji utajiri, bali mpango. Anayetenga fedha kidogo kila mwezi kwa muda wa mwaka mmoja, au anayeweka kando sehemu ya malipo ya kahawa kabla haijaingia madukani, ataona kwamba nauli na siku nne za kulala zimepatikana. Na kama kuna nafasi moja zaidi katika safari, apewe mzazi mzee. Wako wazee wengi ambao kwa maisha yao yote wametuma mazao Mombasa, na ambao wataondoka duniani bila kujua maji ya bahari yana ladha gani. Wajukuu wataona bahari baadaye, kwa maana wao wana wakati, mzee hana.

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake.