Jicho Halina Nywila ya Pili

Ukitua Dubai, unaitazama kamera, lango linafunguka, unapita. Nani atalalamika? Nairobi imetufundisha kuuliza kwanza.

Julai 2023 watu walipanga foleni ndefu katika jumba la KICC ili Worldcoin iwapige picha za mboni za macho. Walipewa sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi 7,000 hivi. Agosti serikali ikasimamisha zoezi. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru picha zifutwe, maana ridhaa ilivutwa kwa pesa.

Kwa asiye na kazi, shilingi 7,000 ni ngumu kukataa, na kampuni ililijua hilo. Nywila ikiibwa utaweka nyingine. Jicho je?