Vyuma vilivyozama mtoni vyabadilisha historia ya watoto

MGENI anayeingia katika jengo la ofisi jijini Nairobi aghalabu hupitishiwa mwilini kifaa kinacholia kikikaribia funguo au sarafu. Kifaa cha kanuni iyo hiyo, ila chenye mpini mrefu na koili ya duara upande wa chini, ndicho hutumiwa na watu wanaosaka metali zilizozama katika mito na vidimbwi vya kuogelea.

Utendakazi wake hautatanishi. Umeme katika koili huzalisha uga wa sumaku unaobadilika-badilika. Uga huo ukifikia kipande cha metali, huzusha ndani yake mikondo midogo ya umeme, nayo mikondo hiyo huzalisha uga wake, ambao kifaa huunasa na kuugeuza kuwa mlio. Maji ya mto hayazuii jambo hili. Ya bahari ndiyo yenye udhia, kwani chumvi huyafanya yapitishe umeme na kukikanganya kifaa.

Hata hivyo, mlio hausaidii kitu iwapo anayeusikia hajui kuusoma mto. Mathalan, muogeleaji akiingia katika maji ya baridi, vidole vyake husinyaa na pete ikachopoka bila yeye kuhisi. Dhahabu safi ni nzito takriban mara saba kuliko mchanga wa ujazo sawa, kwa hivyo pete hupenya changarawe polepole hadi ikutane na mwamba au udongo mgumu. Mafuriko yakija, vitu vizito husombwa na kutuama pale mkondo unapopunguza kasi: upande wa ndani wa kona ya mto, au nyuma ya jabali. Msakaji hodari huanzia hapo.

Mto ambao umewapa wasakaji hawa sifa kuliko mingine ni Thames, unaokatiza jiji la London. Maji yake hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na katikati ya jiji tofauti hiyo hufikia takriban mita saba. Yakipwa, ufuo wa tope na mawe huachwa wazi. Tangu enzi za Warumi, wakazi wamekuwa wakiangusha na kutupa vitu humo, na tope lisilo na hewa limevihifadhi. Mwaka 1857, wakati wa ujenzi wa daraja la Chelsea, iliopolewa ngao ya shaba nyeusi ambayo leo imo katika Makavazi ya Uingereza.

Ngao hiyo ni adimu, lakini kwa maoni yangu si hiyo iliyotufunza mengi zaidi. Mnamo 1960, mwanahistoria Mfaransa Philippe Ariès alidai kwamba watu wa Ulaya wa Enzi za Kati hawakuwa na dhana ya utoto kama tuijuavyo. Miaka iliyofuata, watafutaji wa Thames walianza kuokota vitu vidogo vya risasi na bati: visahani, vijagi, na hata askari aliyepanda farasi, wa miaka ya 1300 hivi. Vilikuwa vitu vya kuchezea. Isitoshe, vilimiminwa katika kalibu, yaani vilitengenezwa kwa wingi ili viuzwe. Mzazi aliyemnunulia mwanawe farasi wa bati alijua fika kwamba mtoto ni mtoto.

Ajabu ni kuwa farasi huyo, akiokotwa peke yake, kwa kawaida si hazina kisheria. Sheria ya Hazina ya Uingereza ya 1996 ililenga hasa dhahabu na fedha ya zaidi ya miaka 300, na ingawa ilipanuliwa mwaka 2023, vitu vya metali duni kwa kawaida bado huiponyoka. Kinachovilinda Thames ni masharti ya kibali. Yeyote anayesaka kitu katika ufuo huo jijini London, hata kwa macho tu, sharti awe na kibali cha Mamlaka ya Bandari ya London, na aripoti vitu vya kale anavyopata. Mnamo Novemba 2022 mamlaka hiyo ilisitisha kwa muda utoaji wa vibali vipya baada ya maombi kufurika.

Ukali huo una sababu. Kitu kikifukuliwa na kutiwa mfukoni bila kuandikwa kilipolala, wataalamu hawawezi tena kujua kilifikaje hapo wala kiliandamana na nini.

Kenya nayo ina sheria yake, ambayo ni wachache waijuao. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inamtaka mtu anayegundua kitu cha thamani ya kiakiolojia aijulishe Makavazi ya Kitaifa katika muda wa siku saba, akionyesha mahali hasa alipokipata na jinsi alivyokipata. Kuchimba kwa nia ya kutafuta vitu hivyo kunahitaji leseni.